Dakika Tisini za Branson

Glenda Yoakum aliendesha basi la shule mjini Sedalia, jimbo la Missouri, na kwa miaka yote niliyofanya kazi naye gereji moja sikuwahi kumsikia akilipia chumba cha likizo bei kamili. Alikwenda Branson, alikwenda ziwa la Ozarks, alikwenda Gatlinburg kule milimani, hata Orlando alifika. Kote huko alilala kwenye nyumba zenye jiko, sebule na beseni la maji moto, kwa pesa ambayo sisi wengine tungeitumia kulala hoteli ya kando ya barabara kuu na kuamka tunajikuna.

Wala hakutuficha alivyofanya. Kampuni zenye nyumba hizo haziishi kwa kukodisha vyumba. Zinaishi kwa kuuza wiki. Unanunua wiki yako moja ya kila mwaka, unailipia kwa mkopo, na juu ya mkopo kuna ada ya matunzo isiyokwisha. Ili wapate wa kuwauzia, huwapigia watu simu na kuwaalika waje walale siku chache kwa bei ya kutupa, kwa sharti kwamba asubuhi moja watakaa dakika tisini kumsikiliza muuzaji, kisha wapewe zawadi ndogo. Wengi huenda wameapa kutonunua, wakarudi wamenunua. Glenda alikuwa akirudi mikono mitupu na moyo mweupe.

Alikuwa na namna yake. Akiketi tu, alimwambia muuzaji kwa upole kwamba yeye na mumewe hawatanunua, kwamba si kosa lake, na kwamba wakati ukiisha wataomba zawadi yao. Hakutoa sababu. Alituambia sababu ndiyo inayokumaliza: ukisema huna pesa watakutafutia mkopo, ukisema huna muda watakupa pointi za kutumia wakati wowote, ukisema utafikiria kwanza watakuuliza nini hasa unataka kufikiria. Hakusifia jiko. Hakutaja mshahara wake. Alikula mayai yao na kunywa kahawa yao, akasema hapana kama mtu anayekataa sukari ya pili.

Tatizo lake lilikuwa Royce, mumewe. Royce alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku mpaka magoti yakamshinda, na alikuwa mtu wa kuongea na yeyote asiyemjua. Muuzaji akimuuliza habari za asubuhi, Royce alimweleza habari za asubuhi, za jana, na za marehemu mama yake. Glenda alikuwa akimkanyaga kiatu chini ya meza. Royce alinyamaza kidogo, akanywa maji, akaanza upya.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Akifunga mlango, Royce alifunga na mdomo. Glenda alituambia kwamba angemuuliza anataka kula nini, naye akajibu chochote. Angemuuliza anaonaje wakihamia karibu na binti yao, akajibu vyovyote. Akiumwa, alikuwa akimwambia muuza vipuri, na Glenda akasikia habari hizo dukani. Baada ya ndoa ya miaka zaidi ya thelathini, mwanamke yule akachoka. Hapakuwa na kupigana wala mwanamke wa pembeni. Waliachana mahakamani asubuhi moja ya mvua, Royce akahamia kwenye nyumba ya magurudumu nyuma ya kwa kaka yake, na Glenda akabaki na nyumba, jina la Yoakum na paka.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Mialiko ile ilitaka watu wawili: mume na mke, au wawili wanaoishi pamoja. Aliuliza kama angeweza kwenda na dada yake, akaambiwa hapana. Aliuliza kama mwanamke peke yake anaruhusiwa, wakamuuliza mshahara, na dereva wa basi la shule hakufikia walichokitaka. Alikata simu akiwa amefura. Aliniambia, huku akisugua kioo cha basi kwa nguvu kuliko kioo kilivyohitaji, kwamba hakujua kumbe alikuwa ameipa talaka Branson pia.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, mjukuu wake Tess alichaguliwa na kikundi chake cha densi kwenda kwenye mashindano Branson. Ni ile densi ya milimani ya kugonga viatu, watoto kwenye mistari, sakafu inalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Tess alikuwa na miaka tisa na alikuwa amewekwa mstari wa mbele. Janelle, mama yake na binti wa Glenda, alikuwa amelipiwa chumba na kikundi. Glenda alitafuta chumba chake, lakini wiki ile mji mzima ulikuwa umejaa wazazi na mabibi, na vichache vilivyobaki vilikuwa na bei ya kumfukuza mtu.

Kisha simu ikalia. Sauti changamfu ikamwambia kuna nyumba Branson, inatazama ziwa, tarehe zilezile, bei ya kutupa. Je, yeye na mumewe wangeweza kuja?

Glenda akasema wangeweza.

Alimpigia Royce jioni ileile. Alimweleza kwamba ni kwa ajili ya Tess, kwamba kuna vyumba viwili vyenye milango, na kwamba yeye Royce ataketi, atakula, atanyamaza. Royce alikubali kabla hajamaliza. Leseni yake ya udereva bado ilikuwa na anwani ya nyumba ya zamani, kwa hiyo karatasi zilikuwa sawa. Glenda aliponisimulia hilo aliona haya kidogo, halafu akasema hakuna aliyedanganywa kitu cha maana, maana hawangenunua wakiwa wameoana wala wakiwa wameachana.

Mashindano yalikuwa Jumamosi saa saba mchana. Kikao kiliwekwa asubuhi ya siku hiyohiyo, saa tatu. Glenda alipiga hesabu: saa nne na nusu wametoka, wana muda wa kufika, kupata viti vya mbele, hata kununua maua.

Walipofika ofisi ya mauzo, kijana wa langoni aliwaambia waache gari pale, wakapandishwa kigari cha umeme na kupelekwa juu kilimani kwenye jengo lenye madirisha makubwa. Glenda hakupenda. Siku zote aliegesha mwenyewe, karibu na njia ya kutokea. Ndani kulikuwa na meza nyingi za duara, muziki juu zaidi ya inavyofaa watu kuongea, na kengele ukutani iliyopigwa kila mara mtu aliponunua, watu wakapiga makofi.

Muuzaji wao aliitwa Deanne. Alikuwa mwanamke wa makamo, rika la Glenda, mwenye viatu vya chini na miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Glenda alikuwa amejiandaa kwa kijana wa meno meupe, na huyu alimchanganya. Alitoa hotuba yake ya kawaida, kwamba hawatanunua na si kosa lake. Deanne akasema hakuna shida, mama, wengi husema hivyo, na yeye anashukuru kuambiwa ukweli mapema. Kisha akamgeukia Royce, akamuuliza magoti yake yana nini, maana alimwona akishuka kigarini kwa taabu.

Royce akaeleza kiwanda. Akaeleza sakafu yenye maji baridi, na miaka aliyosimama pale. Glenda akakanyaga kiatu. Royce akasogeza mguu, akaendelea.

Dakika tisini zikaisha wakiwa bado hawajaonyeshwa nyumba ya mfano. Glenda aliuliza, Deanne akasema ziara ni fupi tu. Wakapandishwa tena kigari. Wakaonyeshwa jiko, wakaonyeshwa mashine ya kuosha vyombo, wakaonyeshwa kibaraza chenye viti viwili vinavyotazama ziwa. Glenda alikuwa ameshaona vibaraza vya namna hiyo mpaka vimemtoka puani. Alisimama mlangoni na mkoba begani. Royce aliketi.

Pale kibarazani Deanne akamuuliza Royce swali wanalomuuliza kila mtu, kwamba miaka kumi ijayo anajiona wapi. Glenda alilijua swali lile, na jibu lake lilikuwa kutazama saa. Lakini Royce aliwaza. Akasema angependa mahali penye maji. Akasema tangu kijana alipenda kuamka na kuona maji, ila hakuwahi kuishi penye maji, na sasa anaishi nyuma ya kwa kaka yake, dirisha lake linatazama tangi la gesi. Akasema baadhi ya usiku anaogopa kwamba atafia pale, na kaka yake hatajua mpaka mbwa alie. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta.

Glenda aliniambia kwamba hakumwonea huruma kwanza. Kwanza alikasirika. Maji? Tangu lini mtu huyu anataka maji? Alikuwa amelala naye kitanda kimoja zaidi ya nusu ya maisha yake, wametazama maziwa mangapi kwenye vibaraza vya bure, na hakuwahi kusikia neno hilo.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza, mbele ya Deanne.

"Hukuniuliza nataka mahali gani," Royce akasema. "Uliniuliza chakula."

Deanne alikuwa mjuzi wa kazi yake, naye kidogo kidogo akaanza kutaja wiki za bei nafuu. Lakini alikuwa amesikia pia lile la kuishi nyuma ya kwa kaka, na akauliza kwa upole kama Bibi Yoakum naye anaishi huko. Royce akasema hapana. Glenda akasema wana matengenezo nyumbani. Akajisikia mpumbavu alipokuwa akilisema.

Waliporudi mezani ilikuwa karibu saa sita. Glenda alisimama, akasema wameshatimiza sharti mara mbili, wana mtoto wa kumwangalia akicheza, tafadhali zawadi na kigari. Deanne akasema lazima meneja atie sahihi. Meneja, aliyeitwa Lyle, akaja na kiti chake mwenyewe, jambo ambalo Glenda alijua maana yake, kwamba hana haraka ya kuondoka. Lyle hakuzungumza na Glenda kabisa. Alimweleza Royce bei aliyoiita ya leo tu, kisha bei ya chini kuliko ya leo tu, na akaweka karatasi na kalamu mbele yake. Kwenye meza ya pili kengele ilipigwa, watu wakashangilia.

Royce alichukua kalamu.

"Weka chini," Glenda akasema.

"Nasoma tu."

"Huna miwani, Royce. Unasoma nini?"

Lyle akacheka, akamwambia mzee ana bahati kuwa na mke mkali. Kisha akasema wanandoa wengi huwa na mmoja anayeota na mmoja anayezima taa, na kwamba ni vizuri mara moja moja kumwachia anayeota. Glenda alikuwa ametukanwa na wauzaji kwa njia nyingi na hakuwahi kujali. Hii ilimwingia, kwa sababu Royce aliinamisha kichwa kana kwamba amekubali.

"Sisi si wanandoa," akasema. "Tumeachana. Mwaka wa pili sasa."

Hakulipigia kelele. Lakini Deanne alivua miwani, na Lyle akafunga faili. Royce alimtazama Glenda kwa namna ambayo, aliniambia, hakumtazama hata siku ile mahakamani.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na cha kuchosha. Lyle aliwapeleka chumba kingine. Aliwaeleza kwamba walikuja kwa maelezo ya uongo, kwamba hakuna zawadi, na kwamba chumba chao kitatozwa bei kamili ya msimu kwenye kadi ya Glenda. Glenda akabishana. Akasema hakuna aliyemwuliza cheti, walimwuliza tu kama yeye na mumewe wanaweza kuja, na walikuja. Lyle akasema mama, unajua ulichofanya. Na kwa kweli alijua, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kushindwa na mtu ambaye kazi yake nzima ni uongo. Waliposaini kwamba wameelezwa, kigari hakikuwepo. Walisubiri kwenye benchi. Mwishowe Glenda akashuka kilima kwa miguu, na Royce na magoti yake akamfuata nyuma.

Walifika ukumbini watoto wa rika jingine wakiwa jukwaani. Kikundi cha Tess kilikuwa kimeshacheza na kushika nafasi ya nne. Tess alikuwa kwenye ngazi za nje akinywa soda, viatu vyenye vyuma vya kugonga bado miguuni. Hakulia. Alimwambia bibi yake kwamba aliwatafuta kwenye viti vya mbele, halafu akadhani wamekaa nyuma, kwa hiyo alitabasamu kwa watu wa nyuma.

Janelle hakuwa mpole hivyo. Alimvuta mama yake pembeni.

"Mmekwenda tena kwenye ile mikutano yenu?"

"Sikuwa na chumba."

"Ungelala chumbani kwetu, sakafuni, mama. Tess angefurahi ukilala sakafuni."

Hilo Glenda hakuwa amelifikiria. Miaka mingi ya kutafuta nyumba zenye sebule ilikuwa imemsahaulisha sakafu.

Walilala usiku wa mwisho kila mmoja chumbani kwake. Asubuhi Glenda alimkuta Royce hayupo. Alifikiri amekwenda kuzungumza na mtu wa bwawa la kuogelea, akapakia mizigo, akamsubiri garini. Royce alirudi akiwa na mfuko wa plastiki wenye nembo ya hoteli, akauweka miguuni. Njia nzima mpaka Sedalia walisikiliza redio.

Mfuko ule ulikuwa na nini, Glenda alijua siku mbili baadaye kutoka kwa Janelle. Deanne alimpigia Royce alfajiri ile ya Jumapili. Akamwambia mtu aliye peke yake pia anaweza kununua, na kwamba wana wiki moja ya Januari ambayo hakuna anayeitaka. Royce akaenda, akasaini, wakampigia kengele na kumpa karatasi zake kwenye mfuko ule.

Glenda aliniomba nimshikie zamu ya mchana, akaendesha mpaka nyuma ya kwa kaka yake Royce. Alimkuta akitengeneza ngazi. Sheria inampa mnunuzi siku chache za kughairi, na Glenda aliijua vizuri, maana alikuwa ameshawaandikia majirani wawili barua za namna hiyo. Alikuja na bahasha na stempu tayari.

"Tia sahihi tu," akamwambia. "Posta nitakwenda mwenyewe."

"Sitaki kughairi."

"Wamekuchezea, Royce. Januari Branson imefungwa. Hakuna onyesho, hakuna mgahawa, kuna barafu tu."

"Maji yapo."

"Na ada? Itapanda kila mwaka. Ulikuwepo tukielezwa, mara zote."

"Nilikuwepo," Royce akasema. "Ulikuwa unanikanyaga mguu, Glenda, hukunikanyaga masikio. Najua nilichonunua. Nimeuza gari la kukokota na bunduki ya baba, nimelipa sehemu. Iliyobaki nitalipa."

Glenda alirudi garini na bahasha yake. Aliniambia kwamba alikaa pale mbele ya tangi la gesi akitafuta haki ya kurudi na kumlazimisha, na hakuipata. Angekuwa mke wake angempasua kichwa kwa maneno, na sahihi ya Royce ingekuwa batili bila ya kwake. Sasa alikuwa mwanamke fulani aliyeegesha kwenye uwanja wa watu. Na jambo lililomkera mpaka meno kuuma ni kwamba miaka yote ile alisema hapana kwa niaba ya wawili, akajivunia, kumbe mmoja wao alikuwa akitaka kusema ndiyo na hakuulizwa.

Gharama ya chumba alilipa kidogo kidogo mpaka shule zilipofungwa. Hakuna kampuni iliyompigia tena. Nadhani jina lake liliwekwa alama. Mashindano ya mwaka uliofuata yalikuwa Springfield, akalala sakafuni chumbani kwa Janelle, mgongo ukamuuma wiki nzima, na alikuwa kwenye kiti cha mbele.

Lakini kabla ya hapo, Januari ilipofika, Royce alikwenda kwenye wiki yake. Janelle na Tess walimfuata mwisho wa juma. Glenda alialikwa, akasema hapana bila kutoa sababu, kama kawaida yake. Jumamosi Janelle alimpigia simu. Alimweleza kwamba theluji imeanguka juu ya ziwa, kwamba Tess anapika keki, na kwamba ni nyumba nzuri kweli.

"Baba anauliza kama utakuja kesho," akasema.

"Mpe simu aniulize mwenyewe."

Glenda akasikia Janelle akifungua mlango na kutoka.

"Yuko nje," Janelle akasema. "Anaongea na mtu wa kuzoa theluji."

Glenda hakwenda. Jumatatu asubuhi tulikuwa wawili gerejini tukipasha mabasi moto gizani, naye alikuwa bado amenuna. Alisema alikuwa ameshavaa koti wakati ule Janelle anatoka kumwita Royce, na ufunguo wa gari mkononi.